Makabidhiano ya Baiskeli ya Kukunja

Nchi ninayoieleza haimo kwenye ramani. Wenyeji wake wameliona hilo, wakalijadili, wakafikia uamuzi kwamba ramani ndiyo yenye kasoro. Ni nchi nzuri. Ina milima miwili, mto mmoja unaofika baharini katika miaka ya mvua, na viwanja vingi vya ndege, ambavyo hakuna hata kimoja kilicho karibu na mji.

Jambo hilo la mwisho halikutokea kwa uzembe. Kila mji ulitaka kiwanja kijengwe kwake, na serikali, ambayo haina upendeleo, iliamuru kila kiwanja kijengwe katikati ya miji inayokigombea, mahali ambapo pana umbali sawa kwenda kila upande. Haki ikatendeka, na ndege zikaanza kutua porini. Mawaziri hawakuona tatizo lolote, kwa kuwa waziri akitua hukuta msafara wa magari unamsubiri, injini zikiunguruma na milango ikiwa imeshafunguliwa.

Walioliona tatizo ni marubani binafsi. Hawakuwa wengi: daktari mmoja wa meno, mzee mmoja anayetafuta madini ambayo hajayapata, mapadri wawili wanaopokezana ndege moja, na daktari wa mifugo aitwaye Zamoyoni Mbelwa. Hawa walikuwa wakitua, wakizima injini, wakishuka, kisha wakibaki wamesimama wakitazama nyasi. Kutembea hakukuruhusiwa. Sheria ya Heshima ya Anga inasema wazi kwamba mtu aliyeshuka kutoka juu hawezi kuondoka kiwanjani kwa miguu kama anayetoka kisimani. Ataondoka kwa msafara, au kwa chombo chake mwenyewe, na mzigo wake utaondoka pamoja naye. Mkokoteni wa punda hauhesabiwi kuwa chombo, kwa sababu punda hana taa za nyuma.

Kwa hiyo chombo ilibidi kije ndani ya ndege. Daktari wa meno alianza na skuta ya umeme ya kukunja. Ilikuwa kitu cha maana, ikiingia nyuma ya kiti bila kumsumbua mtu, mpaka afisa mmoja alipoelezwa kwamba ndani ya betri kuna moto uliolala. Afisa akaamuru moto huo uamshwe, uonekane, kisha uzimwe, ndipo ndege iruke. Daktari hakuweza kutekeleza. Skuta ingali ofisini kwa afisa huyo, inazuia mlango usijifunge kwa upepo.

Zamoyoni alichagua baiskeli. Ilikuwa na magurudumu madogo, ikikunjwa katikati ya fremu na tena kwenye usukani, na ikishakunjwa haikuzidi begi la mwanafunzi wa bweni. Aliipima mwenyewe kwenye mizani kabla ya kuinunua, kwa sababu katika ndege ndogo uzito hauna itikadi. Kiti cha nyuma alikuwa amekwisha kuking'oa. Mahali pake aliweka baiskeli, na kando yake kisanduku cha barafu chenye chanjo. Kwa miezi kadhaa alitua, akakunjua, akapanda, akaenda kuchanja mifugo ya watu, akarudi. Hakuna aliyelalamika, na hiyo yenyewe ingetosha kuishtua serikali kama ingejua.

*

Serikali ilijua kupitia kiwanja cha Ndarambwe, ambako afisa wa lango, Bwana Ezironi, alikuwa mtu makini. Alikagua mzigo wa Zamoyoni, akaridhika, akageuka kupiga chafya. Alipogeuka tena aliona baiskeli.

"Daktari," alisema, "mzigo uko wapi?"

"Ndio huu."

"Hii ni baiskeli."

"Ndiyo hiyohiyo. Nimeikunjua."

"Daktari, usinichanganye kichwa. Nimekagua mzigo mmoja. Sasa mzigo siuoni, na naona baiskeli ambayo sikuikagua. Mzigo umepotea mikononi mwangu, na chombo kimeingia nchini bila kupita langoni. Mimi nina watoto."

Zamoyoni akaikunja baiskeli mbele yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kila ilipokunjwa Ezironi alipumua. Kila ilipokunjuliwa alishika kichwa. Mwishowe akapiga simu makao makuu.

Suala likafika kwenye Baraza la Mawaziri, likakaa huko msimu mzima wa kiangazi. Mizigo ilikuwa chini ya Mheshimiwa Pankrasi Lugwisha, Waziri wa Mizigo. Vyombo vilikuwa chini ya Mheshimiwa Teodora Kahangwa, Waziri wa Vyombo vya Magurudumu. Wote wawili walikubaliana kwamba baiskeli iliyokunjwa ni mzigo na iliyokunjuliwa ni chombo. Kilichowatenganisha ni ule muda wa katikati, fremu ikiwa imefunguka nusu.

"Katika muda huo baiskeli ni ya nani?" aliuliza Mheshimiwa Lugwisha. "Je, tuko tayari kuiacha yatima?"

Hawakuwa tayari. Iliamuliwa kwamba kila rubani anapokunjua baiskeli, Wizara ya Mizigo itaikabidhi rasmi kwa Wizara ya Vyombo, na kila anapoikunja, itarudishwa. Sasa, kila msomaji anajua kwamba katika nchi za namna hii jambo halikabidhiwi kimyakimya. Tundu la choo cha shule hukabidhiwa kwa hotuba, ngoma na utepe. Ingekuwa aibu baiskeli ikabidhiwe kwa heshima ndogo kuliko tundu la choo.

*

Hafla ya kwanza ilifanyika Ndarambwe. Siku hiyo Zamoyoni alikuwa na safari moja tu kichwani: kwa Mama Siwatu.

Mama Siwatu alikuwa akifuga kuku mjini Ndarambwe, zaidi ya mia mbili, katika mabanda aliyoyajenga kwa mikono yake. Mayai yake ndiyo yaliyomsomeshea mabinti zake watatu, na wa nne alikuwa bado shuleni. Mdondo ulikuwa umekwisha kufika ng'ambo ya mto. Ni ugonjwa usio na dawa: kuku anainamisha kichwa asubuhi, na jioni unamfukia. Kinga yake ni tone moja la chanjo katika jicho, na chanjo hiyo ikikosa barafu inakuwa maji tu.

"Mwanangu, njoo haraka," Mama Siwatu alikuwa amemwambia kwenye simu. "Jirani yangu wa ng'ambo jana alikuwa na kuku. Leo ana jembe na mashimo."

Zamoyoni alipotua aliona maturubai matatu, meza kuu yenye maua ya plastiki, na magari ya misafara miwili. Mshereheshaji, Bwana Kibwana Tindwa, alimlaki akiwa na suti inayometameta na kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari la waziri. Bwana Tindwa alikuwa hodari kupita washereheshaji wote nchini. Alikuwa na uwezo wa kumkaribisha mtu ambaye tayari ameketi.

"Mabibi na mabwana, rubani ameshuka! Rubani wetu usiguse baiskeli, tafadhali. Usiiguse kabisa. Kwa heshima na taadhima, tusimame."

Watu walisimama. Mheshimiwa Lugwisha alikwenda kwenye kipaza sauti akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia kwa kumtaja kila mmoja aliyeketi meza kuu, wakiwemo wawili ambao hawakuwa wamefika. Alieleza historia ya mzigo tangu mwanadamu wa kwanza alipobeba kitu kichwani. Kikundi cha ngoma kikacheza. Mheshimiwa Kahangwa akajibu kwa historia ya gurudumu.

Zamoyoni alimsogelea mshereheshaji akamnong'oneza kwamba ana chanjo kwenye barafu.

"Barafu?" Bwana Tindwa alishangilia kwenye kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, rubani wetu ni mkarimu! Ametuletea barafu!"

Kabla Zamoyoni hajafika kwenye kisanduku, mhudumu wa itifaki alikuwa ameshakifungua. Soda za meza kuu zilikuwa zimepata joto tangu asubuhi, na waheshimiwa walizinywa baridi. Mheshimiwa Kahangwa alisifu barafu hiyo katika hotuba yake ya nyongeza, akisema huo ndio ushirikiano wa sekta binafsi na serikali unaosemwa kila siku.

Utepe ulipokatwa na baiskeli kukunjuliwa, chanjo ilikuwa vuguvugu. Zamoyoni alivunja chupa zile moja moja, akazifukia kando ya njia ya kurukia, kama sheria ya kazi yake inavyotaka. Bwana Tindwa alidhani anapanda mti wa kumbukumbu, akaomba makofi.

"Sina cha kukupa, mama," Zamoyoni alimwambia Mama Siwatu kwenye simu. "Imeharibika."

"Imeharibikaje? Ndege si nimeisikia ikipita mapema?"

"Walikuwa wananikabidhi baiskeli."

"Baiskeli ya nani?"

"Yangu."

*

Serikali haikukaa kimya. Iliposikia kwamba hafla zinachelewesha marubani, ilinunua baiskeli za kitaifa na kuwagawia bure. Zilikuwa imara, za chuma kizito, zenye karia ya kubebea mizigo na bendera. Hazikuwa za kukunjwa. "Shida yote ilianzia kwenye kukunja," alieleza Mheshimiwa Kahangwa, "na serikali ni kitu kisichokunjwa." Marubani walishukuru, wakajaribu kuziingiza ndani ya ndege, wakashindwa. Wataalamu wa wizara walitumwa kuchunguza, wakagundua kwamba kosa ni la milango ya ndege.

Padri mmoja alifanikiwa kuiingiza ya kwake kwa kuliacha gurudumu la mbele nje ya dirisha. Aliruka hivyo mara moja tu, na tangu siku hiyo mahubiri yake yamekuwa mafupi na yenye unyenyekevu.

Zamoyoni alibaki na ya zamani. Alifikiri kama anavyofikiri kila siku, kwa kuondoa yasiyowezekana moja baada ya jingine. Chanjo haiwezi kutoka kiwanjani bila yeye. Yeye hawezi kutoka bila baiskeli. Baiskeli haiwezi kukunjuliwa bila hafla, na hafla ni ndefu kuliko maisha ya barafu. Basi kilichobaki kusafiri ni kuku.

"Niwalete huko?" Mama Siwatu alishangaa. "Kiwanjani hawaingizi hata mbuzi, sembuse kuku. Mwaka jana Ezironi alimrudisha shemeji yangu kwa sababu ya kandambili."

"Kwenye hafla wanaingia nani, mama?"

"Wageni waalikwa, wacheza ngoma, na wenye zawadi za mgeni rasmi."

"Na mgeni rasmi huzawadiwa nini?"

Mama Siwatu akacheka mpaka akakohoa. "Ee, mwanangu. Kuku."

"Mletee mmoja. Wengine wawe wamekuja kumsindikiza."

*

Kufikia siku ya hafla ya pili mdondo ulikuwa umevuka mto. Mabanda matatu ya mjini Ndarambwe yalikuwa kimya. Mama Siwatu alifika kiwanjani na mkokoteni wa punda uliojaa matenga, juu yake ameketi yeye, amevaa kitenge chake cha harusi. Bwana Ezironi alitazama mkokoteni, akatazama matenga, akauliza shughuli yake.

"Zawadi," alisema Mama Siwatu.

"Yote haya?"

"Wageni rasmi si wawili?"

Akapita.

Mheshimiwa Lugwisha alipoanza historia ya mzigo, Zamoyoni alikuwa nyuma ya turubai la mwisho na kisanduku chake, ambacho safari hii alikikalia. Mama Siwatu aliingiza mkono kwenye tenga, akatoa kuku, akamshika mbawa na kichwa. Zamoyoni akadondosha tone jichoni, wakahesabu mpaka kuku akapepesa, akarudishwa, akatolewa mwingine. Mzigo ulipofika kwenye zama za ngamia, walikuwa wamemaliza matenga manne. Ngoma ilipopigwa walikwenda kwa mdundo wake. Mheshimiwa Kahangwa aligundua gurudumu, akaliboresha, akalitia mpira, na wakati anakaribia kulitia upepo, kuku wa mwisho akapepesa jicho.

"Tumemaliza," alisema Zamoyoni. "Wameokoka, mama."

Mama Siwatu alikaa chini, akajifuta uso kwa upande wa kitenge. Na hapo ndipo Bwana Tindwa alipotokea na kipaza sauti chake, akitafuta kitu cha kutangaza.

"Mabibi na mabwana!" alipaza sauti. "Macho yangu yanaona nini? Matenga kumi na mawili! Mama huyu hakuleta kuku mmoja kama wengine. Ameleta banda zima! Mama, jina lako nani? Siwatu! Mama Siwatu ametoa kuku wake wote kwa waheshimiwa! Vigelegele!"

Vigelegele vikapigwa. Katika nchi ile zawadi iliyokwisha kupigiwa vigelegele hairudi nyuma. Ni afadhali mtu arudishe mahari. Mama Siwatu alifungua kinywa, lakini ngoma ilikuwa imeshaanza.

"Daktari," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Umeniponyea kuku kwa ajili ya nani?"

Matenga yalikuwa tayari yakibebwa kuelekea meza kuu.

Mheshimiwa Lugwisha aliyapokea kwa mikono miwili. "Kilichomo ndani ya tenga ni mzigo," alisema kwa upole. "Dereva, fungua buti."

"Subiri, mheshimiwa mwenzangu," alisema Mheshimiwa Kahangwa. "Ni mzigo mpaka lini? Utawapika na tenga lao? Kuku akishatoka akaweka mguu chini, anajisogeza mwenyewe. Kinachojisogeza ni changu." Suala la taa za nyuma hakulitaja. "Hebu fungueni moja, watu waone."

Msaidizi wake akafungua kifuniko. Jogoo mwekundu akaruka, akatua kwenye zulia, akatembea hatua mbili, akawika.

Nimesema Bwana Tindwa alikuwa hodari. Mtu mwingine angecheka. Yeye aliona kitu kikitoka wizara moja kuingia nyingine, na damu ya kazi ikamchemka.

"Jogoo ametoka! Mabibi na mabwana, tusimame! Tunashuhudia makabidhiano ya jogoo, kutoka Wizara ya Mizigo kwenda Wizara ya Vyombo. Kwa heshima na taadhima, namkaribisha Mheshimiwa Waziri wa Mizigo atoe neno."

Waziri Lugwisha hajawahi kukaribishwa kutoa neno akakataa. Alitoa. Waziri Kahangwa akajibu. Ngoma ikapigwa, utepe ukafungwa mguuni mwa jogoo, ukakatwa. Jogoo, akiwa amechoshwa na hotuba, akaruka akarudi juu ya tenga.

"Amerejea mizigoni!" alitangaza Bwana Tindwa. "Tusimame tena! Makabidhiano ya marejesho!"

Walisimama tena. Jogoo alishushwa, akakabidhiwa upya, na safari hii msaidizi akamfunga kamba. Kisha mshereheshaji akafungua ukurasa mpya wa ratiba, akalisogelea tenga la kwanza, akamtazama tetea wa kijivu aliyekuwa akichungulia.

Soda zilikuwa zimekwisha. Wapiga ngoma walikuwa wameketi juu ya ngoma zao. Mheshimiwa Kahangwa aliyatupia macho matenga yote kumi na mawili, mpaka la mwisho.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Mia mbili na arobaini waliobaki, mheshimiwa," alijibu Zamoyoni.

"Mshereheshaji," alisema Mheshimiwa Lugwisha kwa sauti ya chini, mkono ukiwa umefunika kipaza sauti, "hatuwezi kuwakabidhi kwa mkupuo?"

Bwana Tindwa alionekana kuumia. "Mheshimiwa, baiskeli moja tuliikabidhi kwa heshima zote. Leo kuku tuwakabidhi kwa jumla? Wananchi watauliza kama roho ina thamani ndogo kuliko mnyororo na pedeli. Mimi nitawajibu nini?"

Mawaziri walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wizara zile mbili kuelewana bila kamati.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Lugwisha, "zawadi tumeipokea kwa moyo. Kilichopokelewa kwa moyo hakihitaji buti. Kuku watabaki kwa mama, na ataendelea kuwatunza kwa niaba ya upendo wetu kwake."

Jogoo peke yake hakuwa na njia ya kurudi, kwa kuwa alikwisha kukabidhiwa mara mbili. Aliondoka katika gari la mbele la msafara wa Vyombo, kwenye kiti cha dereva msaidizi, akiwa amefungwa mkanda.

Au angeondoka, kama Bwana Tindwa asingekumbuka jambo. Baiskeli ilikuwa bado imekunjwa. Zamoyoni alisema haihitaji tena, anarudi zake kwenye ndege. Akaambiwa kwamba hafla iliyokwisha kufunguliwa lazima ifungwe. Mawaziri wakarudi kuketi. Jogoo akarudishwa meza kuu.

Mama Siwatu hakusubiri. Alipanga matenga kwenye mkokoteni, akamshika punda hatamu, akafika langoni. Bwana Ezironi alikagua tenga moja moja, kwa kuwa ni mtu makini. Kwenye la saba alisita. Juu ya nyasi, chini ya yule tetea wa kijivu, palikuwa na yai. Aliligusa. Lilikuwa na joto.

"Mama, hili yai liliingia?"

"Liliingia likiwa ndani ya kuku."

"Na sasa?"

"Liko nje, baba. Unaliona."

Ezironi aligeuka akatazama nyuma. Kule chini ya turubai Bwana Tindwa alikuwa amekwisha kuwaomba watu wasimame. Alitazama yai tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kaburi lenye jina lake.

"Funika tenga, mama," alisema, akiinua kizuizi cha lango. "Na huyo punda mchape."